Sajenti Onchiri na Sahani ya Mayaka

Ijumaa hii, tarehe 24 Oktoba 2025, Sajenti Onchiri anavua aproni baada ya miaka kumi na miwili kama mpishi mkuu wa shule yetu hapa Rangwe. Kabla ya hapo alipikia jeshi miaka ishirini na sita. Ugali aliousonga ungetosha kufunika barabara yote mpaka Homa Bay, na hakuna lori lingetoboa hiyo lami.

Jikoni kwake ni kambi. Ukiacha masizi kwa sufuria, unaibeba kichwani na kuzunguka jiko mara mbili. Mimi nimezunguka. Mwalimu wa hesabu pia amezunguka, na yeye kosa lake lilikuwa kuonja nyama tu.

Lakini kila Ijumaa Sajenti hupakua sahani moja zaidi, anaifunika, anaiweka juu ya rafu. Ni ya Koplo Mayaka, rafiki yake wa jeshini, mtu wa kuchelewa chakula na kuiba nyama kwa sufuria akipiga saluti. Ijumaa moja mwaka wa 2012, huko Somalia, Mayaka alipanda gari la doria akipiga kelele, "Onchiri, niwekee yangu, na usiipunguze!" Walivamiwa njiani. Mayaka alibaki nyuma na bunduki yake mpaka wenzake wakatoa majeruhi. Yeye hakutoka. Sajenti alikaa na ile sahani mpaka giza.

Hapa shuleni, ikifika saa nane, sahani hupewa yeyote aliyekosa chakula. Mwaka wa 2021 ilikuwa mimi, nimekuja kutafuta kazi na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. "Kula, mama," akaniambia, "mwenyewe amechelewa." Nikala, halafu nikaogopa mwezi mzima kwamba mwenyewe atafika. Dereva wa lori la kuni alipoingia, jitu kubwa, nilimwomba msamaha kwa chakula chake. Yule dereva alinisamehe vizuri sana. Sajenti alicheka mpaka akashikilia meza.

Jina la Mayaka liko kwenye orodha ya chakula cha wafanyakazi tangu Sajenti aanze kazi. Basi mwalimu mkuu wetu, Bwana Wangwe, alipohamia hapa akaona mtu anawekewa chakula na hajawahi kutia sahihi hata siku moja. Akamwandikia barua ya utoro kazini: Mayaka ajieleze kwa siku saba! Sajenti akaipokea amesimama wima. "Nitamwekea, mwalimu. Lakini huyu hajafika mahali kwa wakati tangu azaliwe."

Halafu akamweleza. Bwana Wangwe alikaa juu ya gunia la maharagwe. Akaomba barua yake irudishwe. Sajenti akakataa, akasema si yake tena, ni ya Mayaka.

Tunajua kwa nini Sajenti ameomba kuongezewa muhula mara mbili. Si kupenda moshi. Jumatatu aliniambia polepole, "Sasa mama Caren, nikienda, huyu mtu si atafutwa kwenye orodha?" Nilienda kwa Bwana Wangwe na aproni yangu hivyo hivyo, nikamuuliza. Alinipa kalamu.

Sajenti, asante kwa kunifundisha kazi, na kwa kunilisha kabla hujaniuliza jina. Enda Awendo kwa mkeo, mama Bitutu, ukae kwa kiti, upikiwe, na usikague sufuria zake kama unapenda amani. Mungu akupe miaka mingi na magoti mazuri.

Orodha ya muhula ujao nimeiandika mimi, kwa mkono wangu. Jina lako halimo. La Mayaka limo. Kwa hivyo ukitutembelea Ijumaa na ukute chakula kimeisha, usiangalie rafu kabla ya saa nane.