Nani Huyo Bibi Mtindi?

Ukitaka kujua mambo ya Karatu, usijisumbue kwenda ofisini kwa mtu. Nenda kwa Penina muuza kahawa, nyuma ya duka la spea, pale ambapo kiti cha nyuma cha Landkruza iliyokufa zamani kimegeuzwa benchi. Springi moja imechomoza upande wa kushoto, na mgeni ndiye huachiwa aikalie. Mvua za Aprili zikishika, watalii wanapotea, magari yanaegeshwa, na madereva wanabaki hapo na vikombe vyao vidogo wakibishana mpaka birika likauke. Msimu huu hawakubishania mpira. Walibishania vitabu viwili vya kuchekesha vilivyowavua nguo hadharani, kimoja cha mtu anayejiita Bibi Mtindi, kingine cha anayejiita Kapteni Vumbi. Hao ni nani hasa, hakuna aliyejua, isipokuwa mzee Tluway, dereva mstaafu, aliyekaa katikati ya benchi akipuliza kahawa yake kama mtu asiye na habari. Alijua kwa sababu wote wawili walikuwa yeye.

— Nasema hivi, na Mungu anisikie — alianza Emilian. — Huyo bibi nikimjua, kijiwe hiki hakimwoni tena!

Emilian aliongoza watalii, na tangu Bibi Mtindi atoe *Dawa Imechimbwa*, mji mzima ulimwita Dokta. Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli. Mwaka wake wa kwanza kazini alisimamisha gari porini, akataka kuwaambia wageni kwamba sasa ni muda wa kuchimba dawa, yaani kila mtu atafute kichaka chake ajisaidie. Akatafsiri neno kwa neno. Mama mmoja wa Uswisi, mpenzi mkubwa wa mitishamba, akashukuru sana, akashuka, akachimba.

— Bibi gani anakuuma hivyo, Dokta? — Penina alimchokoza huku akisuuza vikombe.

— Usiniite Dokta! Kile kisa nilikisimulia hapa hapa. Hata mke wangu hakijui. Maana yake huyo mtu anakunywa kahawa na sisi.

Tluway akameza funda la moto kuliko alivyokusudia. Hakuwa na hila na mtu. Macho yalipomnyang'anya usukani, na mkewe Antonia akatangulia mbele za haki, nyumba ilimlemea kwa ukimya. Benchi hili ndilo lililomrudishia kicheko, naye alipoandika alikuwa anakirefusha tu hicho kicheko mpaka asubuhi nyingine. Sasa akifukuzwa hapa, ataenda kucheka na nani? Aliogopa, tena aliogopa sana.

— Mimi sina ugomvi na Kapteni Vumbi — alisema Sankale, Mmasai wa Malambo, akiweka sawa shuka begani. — Ameniandika vizuri. Amesema nilikuwa nadhifu.

— Nadhifu! Amesema ulikodi jenereta wewe! — Emilian alimdakia.

— Lakini nadhifu.

Hicho nacho kilikuwa cha kweli. Zamani Sankale alipoanza kazi ya kambi kule Engaresero, bosi alimpigia simu kwamba wageni wanataka bushi tivii. Waongozaji wote wanajua bushi tivii ni moto wa kuota kambini. Sankale hakuwa ameambiwa. Akafunga safari mpaka Mto wa Mbu, akakodi televisheni na jenereta, akarudi navyo kwenye pikapu, akawakuta wageni wameuzunguka moto wanautazama, wametulia kabisa.

— Mimi nimeshawagundua — Emilian aliinua kidole. — Bibi Mtindi na Kapteni Vumbi ni mke na mume walioachana. Mmesoma dibaji ya Kapteni? "Kwako Bibi Mtindi: umechacha." Hayo si maneno ya watu baki. Hayo ni maneno ya ndoa.

— Mtindi usipochacha si ni maziwa tu? — Penina aliuliza. — Hilo tusi gani?

Tluway akainamia kikombe chake. Ile dibaji aliitunga siku Emilian alipoanza kumsaka Bibi, ili watu wafikiri waandishi ni maadui. Aliipenda sana. Iliuma kidogo kusikia Penina akiikosoa.

— Mimi nasema ni padri — Penina aliendelea. — Nani mwingine anasikia mambo ya watu wote?

— Padri atajuaje? Mimi kuchimba dawa sijaungama. Ni dhambi ya ngapi hiyo?

— Basi ni akili mnemba — alisema Sankale. — Siku hizi simu zinasikiliza. Ukitaja ng'ombe, unaletewa tangazo la ng'ombe.

— Ero — Penina alimwita kwa Kimasai cha utani — siku ya jenereta ulikuwa na simu gani?

Sankale akafikiri.

— Ya tochi.

— Ya tochi! Ile ukipiga kelele kabisa ndiyo ulikuwa unasikika, na hapo upande kichuguu!

Penina alicheka mpaka akaweka birika chini. Emilian hakucheka. Alisimama ghafla, macho yamemtoka.

— Jamani! Ni yule mama wa Uswisi mwenyewe! Amekasirika, amekwenda kwao akajifunza Kiswahili, amerudi kulipiza. Yupo hapa hapa Karatu. Amejificha!

— Mzungu ajifiche Karatu? — Sankale alitikisa kichwa. — Watoto wangemwimbia baibai mpaka atoke mwenyewe.

— Mzee Tluway, na wewe hujasema — Emilian akamgeukia. — Wewe unaonaje?

— Mimi macho yangu ndiyo hivyo tena — alijibu Tluway. — Hata hivyo vitabu sijavisoma.

Kwa namna yake ilikuwa kweli. Alikuwa ameviandika tu.

Hapo ndipo alipotokea Nalotuesha, shemeji yake Sankale, mwalimu kutoka Piyaya aliyekuwa akisubiri basi la Arusha. Sankale akamkaribisha, wenyeji wakasogea kwa heshima zote, na mwalimu akakalishwa juu ya springi. Akaruka.

— Yesu! — Kisha akaishika ile springi kwa mkono, akaitazama, uso ukamchangamka. — Ni yenyewe! Hii si ipo kwenye *Dawa Imechimbwa*, sura ya kwanza kabisa?

— Shemeji, na wewe umevisoma? — aliuliza Sankale.

— Vyote viwili. Walimu wenzangu tunanyang'anyana. Kumbe ni hapa! Wewe kaka ndiye wa dawa, nimekujua kwa hiyo kofia. Shemeji, wewe wa jenereta, pole. Na mama, wewe ndiye Mama Birika, anayejaza kikombe nusu huku akimsifu Mungu.

— Nusu ya juu ni povu! — Penina alifoka.

— Hata yule mbwa wa duka la spea yumo — alisema Nalotuesha, akihesabu kwa kichwa kama anaita mahudhurio. Akafika katikati ya benchi. Akamtazama Tluway kwa adabu. — Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba huyu naye anakaa hapa siku zote?

— Miaka — alisema Sankale. — Hiyo nafasi ni yake.

— Sasa mbona yeye hayumo?

Penina aliacha kusuuza. Mvua ilianza kudonoa bati la duka la spea, na mbwa akaingia chini ya benchi. Emilian aligeuza kichwa polepole, akakitazama kikombe mkononi mwa Tluway, kahawa iliyokwisha poa zamani, ambayo mzee bado alikuwa akiipuliza.

Tluway alitaka kusema neno. Alitaka kusema kwamba hakukusudia aibu ya mtu, kwamba kila kisa alikiandika akiwa anacheka na mwenye kisa na kumpenda. Badala yake akaanza kujiinua, aondoke kabla hajaambiwa aondoke.

— Kaa, mzee — alisema Emilian.

Akalichukua birika la Penina, akalikamua mpaka tone la mwisho, kikombe cha Tluway kikajaa pomoni, bila povu.

— Kunywa. — Kisha akawageukia wengine, akitazama mvua. — Lakini mtu akikutana na huyo Bibi Mtindi, amwambie ameharibu kisa changu. Ameandika mgeni aliazima jembe kwa mama aliyekuwa anapalilia. Jembe gani porini kule? Alichimba kwa kijiko cha lanchi boksi.

— Kijiko — alirudia Tluway.

— Cha plastiki. Tena dawa aliipata. Mzizi, mkubwa tu. Akauchemsha hotelini, akanywa, na tumbo lililomsumbua tangu anatoka Ulaya likapona. Hilo mbona halikuandikwa?

— Hukulisema, Emilian.

— Nimelisema sasa.

— Na Kapteni aambiwe mimi sipunji kahawa — Penina aliongeza.

— Huyo ni Bibi, siyo Kapteni — Sankale alimsahihisha.

— Yeyote! Si wanaonana?

Nalotuesha aliwatazama mmoja mmoja.

— Lakini swali langu hamjalijibu.

— Kahawa imeisha, shemeji — alisema Sankale kwa upole.

Tluway alimaliza kikombe chake. Macho yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyafuta. Akasimama, akamwonyesha mwalimu nafasi yake ya katikati, ile ambayo hakuwahi kumwachia mtu, na yeye mwenyewe akahamia upande wa kushoto, akajiachia kwa uzito wake wote.

Yowe lake lilisikika mpaka barabara ya lami. Mbwa alitoka mbio chini ya benchi. Sankale aliangukia bega la Penina, Penina akaangusha vikombe, na Tluway, ameshika makalio, akacheka kuliko wote.

— Haya — alisema Emilian akijifuta machozi. — Bibi Mtindi akiliacha hili, kijiwe hiki hakimwoni tena.