Mama Maganda na Chupa ya Mwisho

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumapili, tarehe 12 Mei 1968, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Mimi ndiye kitindamimba, na mgongo ulionibeba ni wake. Mtaniwia radhi nikisema mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi mbele ya jeneza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari, na mwaka 1990 akapata cheti cha ufundi wa maabara. Akiwa darasa la tano alirudishwa nyumbani kwa kupeleka shuleni mkate wenye ukungu ndani ya mkebe. Mama alimuuliza, "Wewe mtoto, humo kuna nini cha kutazama?" Akajibu, "Ukungu, mama. Unakua." Mama alinyoosha mikono siku hiyohiyo.

Tarehe 2 Januari 1991 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa mazao, akakaa huko miaka thelathini. Aliomba maganda ya kamba na kaa kwa mpishi wa hoteli, akayakausha na kuyasaga, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Maganda. Unga huo aliwalisha bakteria wa udongoni aliowafuga kwenye chupa. Ili wale ganda, bakteria hao hutoa kimeng'enya cha kuliyeyusha. Na kwa kuwa kuvu wa mimea na wadudu waharibifu wamevaa kitu kilekile kigumu, kimeng'enya hicho huwatafuna nao. Mwaka 2006 matuta yake sita ya nyanya, aliyoyamwagia bakteria hao, yalibaki kijani huku shamba zima la kituo likinyauka. Ripoti ilitoka na jina la mkuu wa idara. Dada aliwekwa ukurasa wa mwisho, katika "wafanyakazi wengine". Shukrani ya punda ni mateke. Shada kubwa kuliko yote hapo mbele limetoka ofisini kwa mkuu huyo, na tumelipokea.

Aliolewa tarehe 20 Agosti 1994 na fundi seremala. Alichelewa harusi yake saa nzima kwa sababu ilikuwa siku ya kulisha chupa. Shemeji alisema, "Wenzangu wameoa mke. Mimi nimeoa mke na ukoo mzima wa kwenye chupa." Hata hivyo ndiye aliyewachongea rafu. Alitutangulia mwaka 2016.

Machi 2021 idara ilifungwa. Friji la dada likatakiwa kupozea soda za wageni wa mkutano, na mkuu yuleyule akamwaga chupa zake arobaini kwenye sinki. Aliokoa moja tu, ya arobaini na moja, akaiviringisha kwenye sweta na kutoka nayo mkobani.

Februari 2023 aligundulika na saratani ya ini. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini: alihamia kwangu, na chupa akaiweka jikoni. Kila Ijumaa, kijiko kimoja cha unga wa maganda. Tarehe 18 Septemba alilazwa. Kesho yake nilifanya usafi. Chupa ilikuwa inanuka, maji yake kama uji uliochacha, nami nikadhani kilichomo kimeharibika. Nikamwaga, nikaisugua kwa klorini, nikaianika dirishani.

Kila nilipoingia wodini aliuliza, "Umewalisha?"

"Nimewalisha, dada."

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi. Swali hilo ndilo la mwisho aliloniuliza.

Mkuu wa idara nilikuwa nimemwandikia aya nzima. Nimeifuta. Yeye alimwaga arobaini, mimi nikamalizia.

Ameacha kaka yetu mkubwa, mimi, binti yake ambaye ni muuguzi, na wajukuu wawili. Ameacha pia bibi shamba aliyemwahidi chupa hiyo, ili bakteria wazalishwe upya kwa ajili ya wakulima wake. Jana alinitumia ujumbe: "Anko, nije lini kuichukua?"

Bibi shamba, nakuona mstari wa pili. Njoo siku yoyote. Chupa ipo, ni safi kabisa.

Mungu ampe dada pumziko jema, na asimwambie.