Kilima Kile Hakiitwi Makaa

Luciana, rudishia mlango, upepo wa huku juu haumjui mgonjwa. Kisha kaa miguuni pangu, na wewe Oswaldi kaa kulia, Zenon kushoto, kwa maana nimesikia kwamba tangu wiki iliyopita ninyi wawili hamketi pamoja, nami sina nguvu tena ya kugeuza kichwa kuwatafuta. Sikilizeni, wanangu, na msinikatize. Padri amekwisha kunipaka mafuta, na aliyepakwa mafuta hazungumzi kwa kujifurahisha. Mimi Wilibrodi, mwana wa Kasonso mwenye ilungu la kuyeyushia chuma, nasema haya nikiwa na akili zangu, ingawa pumzi ni ya kuazima.

Niyatue kwanza yaliyo mepesi. Maksai na jembe la kukokotwa ni vya Zenon, kwa kuwa ndiye anayejua kusema nao wakamwelewa. Nyumba hii ya kijijini, pamoja na redio, ni ya Luciana, na asitokee mtu wa kumwambia kwamba binti harithi nyumba, kwani ndiye aliyeniogesha wakati wengine mnabishana nje. Jembe la mkono la babu yenu, lililofuliwa kwa chuma cha Kalembe na ambalo halijatiwa mpini tangu afariki, nampa Oswaldi. Najua, mwanangu, mtu wa ofisi ya madini hana haja ya jembe. Litunze tu, sababu utaijua kabla sijanyamaza.

Sasa lile zito, yaani kilima.

Watoto wenu wakiuliza Wafipa walikuwa nani kabla ya bendera, msiwaambie habari za wanaoturushia utani wa radi na uchawi. Wapelekeni Kalembe wakaone ilungu la babu yenu, tanuru la udongo refu kuliko mtu, lililosimama mpaka leo ijapokuwa mvua imelila ubavu mmoja. Humo walipanga makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka, na upepo huu huu unaoniumiza kifua ndio uliovuta moto. Majembe yake yalishuka Kasanga yakavuka ziwa, yakashuka bondeni Mtowisa yakabadilishwa kwa chumvi, na hakuna aliyeyabeba kwa kulazimishwa. Tulikuwa na marafiki ng'ambo kabla hatujawa na wizara ya kuwatafuta. Kisha yakaja majembe ya dukani, na moto wa ilungu ukazimika, ukaacha rundo la makaa ya miombo shimoni, yamekaa kama chakula kilichopikiwa mgeni asiyefika.

Na hapo ndipo jina lilipoharibika. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni ya Kate, nangoja kupangiwa kazi ya ualimu, Mwingereza mpima ardhi alipopanda Kalembe na wapagazi wake. Msimamizi wao, mtu wa pwani, akamuuliza babu yenu, "Mzee, bwana anataka kujua, makaa yapo huku?" Babu yenu akashangaa. "Makaa? Mmekosa hata kuni za kupikia mpaka mje kwangu? Yapo tele, nifuateni." Akawapeleka shimoni, akachota kwa mikono miwili, akamjaza yule Mwingereza viganja. Yeye alikuwa akiuliza makaa ya mawe, na Kiswahili chetu kimeyapa yote mawili jina moja. Alipoitazama mikono yake myeusi alicheka mpaka akaketi chini, babu yenu naye akacheka, nami nikacheka nao. Na ili akikumbuke kicheko kile, akaandika kwenye ramani yake, Kilima cha Makaa. Baadaye akarudi kwao na kicheko chake. Jina likabaki peke yake, bila wa kulieleza.

Mama yenu Cornelia alikuwa akiisimulia habari hii kila mwaka wakati wa kupura ulezi. Na wewe, Oswaldi, ulikuwa unajifanya Mwingereza. Ulijipaka masizi ya chungu mikononi ukaketi chini ukicheka, mpaka mama yako akakufukuza usije ukagusa unga. Unakumbuka. Usiangalie mkeka, nitazame mimi.

Mwezi uliopita ulimleta hapa yule mhandisi wa nchi rafiki, anayetafuta makaa ya mawe. Nilimpenda. Aliniamkia shikamoo kwa kuinama, ulimi wake ukijikwaa, akala ugali wa ulezi kwa mkono bila kuomba kijiko. Kisha akauliza kupitia mkalimani wake, "Mzee, kilima kile ninyi mnakiitaje?" Kikohozi kikanishika, na kabla hakijaniachia wewe ulikuwa umekwisha kujibu: "Kilima cha Makaa, kama ramani inavyosema." Naye akafurahi, akaandika. Ukainamisha macho kama ulivyoyainamisha sasa.

Usiku wake ulinieleza hoja yako, nami sikuidharau. Ulisema, "Baba, wakichimba wasiyakute, hasara ni mashimo tu. Wakiyakuta, tutapata umeme, na Luciana ataacha kuzalisha wanawake kwa koroboi." Nimeilaza hoja hiyo kifuani tangu siku ile. Ni hoja ya mtu anayempenda dada yake na nchi yake, na kidogo anapenda pia kiti kilichoahidiwa kwa atakayeyapata makaa hayo. Sina ugomvi na makaa ya mawe. Huenda yapo, ardhi haikunionyesha tumbo lake. Ila wale watu wametoka mbali na mitambo yao, wameacha vilima vingine ambavyo labda vina mali, wakaja hapa kwa sababu ya mzaha ambao hawakualikwa kuucheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Hatukusema mgeni njoo apotezwe.

Taifa letu ni changa, Oswaldi. Lina umri wa mjukuu wangu Kristiana, ambaye bado anajifunza kuketi mbele ya wageni. Waliotutawala walituandikia majina bila kutuuliza. Huyu aliuliza. Anayekuuliza jina lako amekuhesabu kuwa mwenye nyumba, nawe ukimpa jina bandia umeukataa mwenyewe ule uenyeji, umerudi kuwa mpagazi.

Zenon, usitabasamu. Zamu yako imefika.

Wewe ulinijia nikiwa na homa, ukaninong'oneza, "Baba, sema mbele ya watu kwamba uzikwe Kalembe, pale pale kwenye ilungu. Katapila halipiti juu ya kaburi la mzee." Nami najua hasira yako imetoka wapi. Ulipakiwa lorini wakati wa operesheni ya vijiji, ulezi wako ukabaki shambani chakula cha ndege, na tangu siku hiyo kila gari la serikali ni lori lile. Sisemi kwamba sitaki kulala Kalembe. Nataka. Tangu ujana wangu nimepachagua mahali, upande usiopigwa na upepo. Lakini mwili wangu si boma la miiba, mwanangu. Kaburi ni mahali pa kulala mtu. Ukilifanya uzio, utakuwa unanilinda mimi au unanilindisha?

Oswaldi amejificha nyuma ya jina, wewe ukataka kujificha nyuma ya maiti. Mmoja wenu hakuwa na ujasiri wa kusema, "Hatujui kama yapo," na mwingine hakuwa na ujasiri wa kusema, "Mahali hapa ni petu, tunaomba mpapite pembeni." Maneno mepesi haya! Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wao walikuwa wakimpa jirani onyo. Mimi jembe nimempa Oswaldi, ili kila akiliona akumbuke kwamba kuna watu wanangoja mgombane wapate kulima.

Luciana, maji. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa agizo langu. Nizikeni hapa kijijini, kando ya mama yenu. Mkitoka makaburini, msingoje arobaini. Nendeni ninyi wawili kwenye kambi ya mhandisi. Oswaldi, utamwambia jina la kilima, na utamsimulia kicheko chote, pamoja na masizi. Kama kiti kitaondoka, kiondoke. Kiti kilichosimama juu ya mzaha kina mguu mmoja. Wewe Zenon utamwonyesha ilungu lilipo, utamwambia lilifanya nini, na utamwomba wasiliguse. Wakitaka kuchimba baada ya kuyajua hayo, waje kwenye mkutano wa kijiji waseme, nanyi semeni, na litakaloamuliwa msilipinge.

Jingine ni Muhidin. Mnajua baba yake alitoka Tabora, na kwa hiyo yeye ni mtani wetu. Alipokufa mama yenu alileta lori lake bila kuitwa, akaingia jikoni akaiba chungu motoni kama mtani anavyopaswa, akapiga kelele, "Nyie Wafipa wa radi, hata marehemu wenu mnamnyima mboga!" Wewe Zenon ukamfukuza na fimbo. Ulikuwa na uchungu, nakubali. Lakini siku hiyo ulimfukuza mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kutuchekesha. Na juzi alikuja kuniona, akasimama mlangoni, akasema, "Mzee Wilibrodi, mpaka kufa unachelewa? Lori langu limeisha mafuta kwa kukungoja." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sijutii. Muhidin aje. Aingie kaburini kama akitaka, na asitolewe mpaka mmempa anachodai. Rafiki wa kweli, awe wa nyumba au wa nchi, mtamjua kwa hili: mnaweza kutaniana naye, na hakuna anayeogopa. Asiyeweza kutaniwa, huyo bado ni bwana.

Pumzi... ngojeni.

Babu yenu hakuwasha moto wa ilungu penye ugomvi. Alisema chuma kina masikio, hakishuki. Waliogombana aliwaketisha, akawapa ugali wa ulezi kwenye sahani moja, wala hakuuliza nani alianza. Walipokwisha kula, ndipo alipowasha.

Luciana, leta ugali. Sahani moja. Iweke hapa, juu ya mkeka, kati yao.

Mungu wa Kasonso na wa padri, ambaye ni yule yule, awabariki, wanangu. Awape mvua isiyopiga, ulezi usiooza ghalani, taa ya kweli mikononi mwa Luciana siku moja. Awape mdomo usioogopa mgeni wala usiomdanganya. Kile kilima... kinaitwa Kalembe. Semeni. Nataka kulisikia jina hilo kwenu wawili... Ndiyo. Kalembe.

Sasa nafumba macho. Msilie, bado nipo. Nayafumba ili nisikilize vizuri. Kuleni.

Nasikia mkono mmoja.

Mmoja tu...

Ahaa. Na wa pili.