Baba Mdogo Kasema

MDOGO: Haloo? Ni nani?

FUNDI VIATU: Ni mtu asiye na redio, asiye na cheti ukutani, asiye na vocha ya kutosha. Na tangu jana, asiye na binti.

MDOGO: Shikamoo, kaka. Nimebadili simu, namba zote zime—

FUNDI VIATU: Marahaba. Hata yangu imepotea. Haya.

MDOGO: Binti kafanya nini?

FUNDI VIATU: Shule inataka ridhaa yangu mjukuu achanjwe surua. Nimegoma. Binti kapiga toka huko kazini kwake, ananijibu, baba mdogo kasema redioni chanjo inafaa, yaani wewe huyo wa kliniki. Mimi niliyemlea! Kila neno, baba mdogo kasema.

MDOGO: Umegomea nini, kaka?

FUNDI VIATU: Nimehesabu. Mtaani wameugua watoto ishirini. Kumi na wawili walichanjwa, wanane hawakuchanjwa. Sasa hiyo chanjo yako—

MDOGO: Kaka, viatu vinavyorudi kwako vimeachia soli, vingi ni vipi? Ulivyoshona, au ulivyopaka gundi tu?

FUNDI VIATU: Nilivyoshona.

MDOGO: Basi uzi haufai.

FUNDI VIATU: Usinitukane. Karibu kila kiatu nakishona. Gundi tupu ni ya wenye haraka, wachache tu, na nusu yao hurudi. Lazima vya uzi viwe vingi, maana ndivyo vingi tangu—

MDOGO: Kaka? Upo?

FUNDI VIATU: Mtandao.

MDOGO: Mbona nasikia mpaka unavyopumua.

FUNDI VIATU: Kliniki yenu imechanja watoto wangapi hapa mtaani?

MDOGO: Mia mbili. Wasiochanjwa ni ishirini.

FUNDI VIATU: Ngoja, usiniambie. Kumi na wawili katika mia mbili... sita kwa kila mia. Wanane katika ishirini... [mikwaruzo ya kalamu] ...arobaini kwa mia.

MDOGO: Sasa tofauti—

FUNDI VIATU: Nimesema usiniambie. Thelathini na nne.

MDOGO: Igawe kwa arobaini, ile ya wasiochanjwa.

FUNDI VIATU: Ningefika tu. [mikwaruzo ya kalamu] Themanini na tano kwa mia.

MDOGO: Hiyo ndiyo nguvu ya chanjo hapo mtaani. Katika kila mia ambao wangeugua bila chanjo, themanini na tano wameepushwa. Wachache bado wataugua, na mtaa mmoja ni sampuli ndogo, lakini—

FUNDI VIATU: Taratibu, hapa si redioni.

MDOGO: Basi nimpigie binti, nimwambie umeku—

FUNDI VIATU: Usithubutu. Nitampigia mimi, nimpe hesabu yote, toka juu mpaka chini. Na akikuuliza, leo hatukuongea.

MDOGO: Hatukuongea.

FUNDI VIATU: Subiri, naandika... Haya, naifunga bahasha. Jirani! Samahani, unapita shuleni? Mkabidhi mwalimu mkuu mkononi. Ahsante sana. Kashaondoka nayo.

MDOGO: Umeandika nini?

FUNDI VIATU: Nimekubali. Na chini nimeongeza: babu mtu kakokotoa mwenyewe.

MDOGO: Ni kweli. Hata mimi, kaka, kugawanya nilifundishwa na wewe, pale nyuma ya jiko, kabla sijaanza shule.

FUNDI VIATU: Unakumbuka?

MDOGO: Nisahau vipi?

FUNDI VIATU: Sasa mbona redioni hujawahi hata siku moja kulitaja jina la—

[Vocha imekwisha.]