Mlango wa Volga

Ndani ya basi dogo la kwenda Samarkandi, mzee mmoja aliyaona makovu ya moto mikononi mwa Mavluda. "Binti, hayo ni ya tanuri la mikate?"

"Hapana, baba. Nachomelea gari la mume wangu, Volga ya zamani. Imeliwa na kutu."

"Si mngeiuza tu kama chuma chakavu?"

Mavluda akacheka. Akamweleza kwamba kiharusi kilimnyang'anya mumewe, Ergash, usemi, naye Mavluda akajifunza kuchomelea kwa fundi jirani ili alitengeneze gari. "Siku moja nikatoboa bati la mlango. Nikasikia nyuma yangu, 'Punguza moto, utaniharibia gari.' Alikuwa yeye, baba, akisema kwa mara ya kwanza tangu augue. Nilikaa chini nikalia, nikimshukuru Mungu kwa kufokewa."

Mzee akashikilia kwamba kutu haina dawa. Basi likasimama, Mavluda akashuka na bati jipya kwapani.