Dokta na Darasa la Video

Benchi letu liko nje ya duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na lango la chuo. Mimi nauza kahawa hapo, mwanangu mgongoni. Asubuhi hiyo Dokta, mhadhiri kijana wa uhandisi, alikishika tu kikombe, hanywi. Wanafunzi walikuwa wamemshtaki kwamba hafundishi: anawapa video wakatazame nyumbani, darasani wanakokotoa kwa makundi, yeye anazunguka tu. Saa nne idara ilikuwa inakaa kuamua kama somo apewe mtu mwingine. Mzee Chaki, mhadhiri mstaafu aliyemfundisha Dokta zamani, siku hiyo alifika mapema. Hakusema kwa nini, ila alikuwa amevaa koti lake zuri.

— Ubaoni, mwanangu, Mzee Chaki akaanza. Unaandika, wananakili, wanaelewa.

— Wananakili, Mzee. Mwaka jana niliandika ubaoni, nusu wakaanguka.

— Basi mwandiko wako mbaya!

Bomba, fundi wa mabomba, akadakia.

— Nyote mnajisumbua. Mpe mwanafunzi bomba linalovuja, umnyime ndoo. Ataelewa tu!

— Na anayesomea madaraja? nikamuuliza.

— Huyo, shemeji, ajenge daraja, halafu alale chini yake na mama mkwe wake.

— Wengi hawajaoa.

— Waazime!

Dokta akacheka kidogo. Nikamshukuru Bomba kimoyomoyo.

— Mimi ningeondoa viti vyote, Mzee Chaki akasema. Aliyesimama hasinzii. Na simu zote ziingie kwenye hiyo ndoo.

— Yenye maji, Bomba akamalizia.

Hapo akaja binti mmoja na mkoba begani, kununua kahawa. Alipomwona Dokta akataka kurudi. Nikamwahi na kikombe.

— Shikamoo, Dokta.

— Marahaba. Wewe si wa darasa langu? Na wewe umenishtaki?

Binti akatazama viatu vyake.

— Nilisaini.

Bomba akapiga mluzi.

— Video zangu mbaya?

— Nzuri. Nazirudia mpaka nazikariri. Ila nikikwama, nipo peke yangu chumbani, namuuliza nani?

 Dokta akakiweka kikombe chini.

— Kwangu ungenyoosha mkono, Mzee Chaki akasema.

— Mzee, Dokta akamwambia taratibu, nilikuwa darasani kwako. Nani alithubutu?

Mzee Chaki akainamia kikombe chake. Kisha akasogea, binti apate pa kukaa.

— Ulikwama wapi? Dokta akauliza.

— Kwenye boriti. Mishale ya nguvu yote inashuka, mara kwenye nguzo ukatokea mmoja unaopanda.

Dokta akafikiri.

— Nguzo nayo inaisukuma boriti kwenda juu. Kweli, sikulisema hilo. Nililiona dogo.

— Inuka, twende kikaoni, Mzee Chaki akasema. Na wewe binti, kama hutajali, swali lako ukawaulize wewe mwenyewe.

Wakavuka barabara. Dokta alikuwa anaeleza ile nguzo kwa mikono yote miwili, Mzee Chaki anamsahihisha, na binti, katikati yao, anawakatiza wote wawili kwa maswali.