Sponji Iliyokataa Moto

Simamisheni hiyo cherehani huko karakana, mje mkae wote hapa kitandani kwangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haiwezi kushindana na mashine, na sitaki kesho mtu aseme baba alisema hivi kumbe alisema vile. Kifungua mimba wangu, kaa miguuni. Wewe kitinda mimba, na hilo tumbo la miezi saba, kaa dirishani penye hewa. Na wewe dada yangu mdogo, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Leo nina neno lako pia. Msininunie. Nina miaka sabini na tisa, nimekalisha watu wengi kuliko mwalimu wa darasa la kwanza, na makochi yangu hayajamwangusha mtu hata mmoja.

Mali yangu mnaijua. Karakana na cherehani mpya ni vya kifungua mimba. Ile nzee, inayokohoa kama mimi, ni ya kitinda mimba, kwa sababu ndiye peke yake anayeivumilia. Nyumba ni yenu wote wawili, na msije mkaigawa kwa ukuta. Hayo ni mepesi. Zito liko stoo, kwenye ile sponji iliyopangwa kutoka sakafuni hadi darini, ambayo wewe kifungua mimba umeanza kuipigia hesabu ya vile vigodoro ishirini tulivyoagizwa na shule ya watoto wadogo.

Nilipokuwa najifunza kazi, kipande cha sigara kiliangukia kochi la mwalimu wangu, na kabla chai haijapoa nusu ya karakana ilikuwa majivu, nami nikatoka bila nyusi, nimefanana na yai. Tangu siku hiyo nikatembea na kiberiti cha gesi mfukoni. Kila kochi kuukuu tulilolivua, nilikata kipande cha sponji nikakiwasha. Nyingi ziliwaka kama karatasi. Chache zilijikunja, zikawa nyeusi, moto ukafa, na wauzaji wakaniambia hizo zimetiwa dawa kiwandani ili zisishike moto. Nilifurahi kama baba aliyepata mkwe mwema. Ile iliyokataa moto sikuwapa watu wazima na makochi yao. Niliiweka kando kwa magodoro ya watoto. Kwa mapenzi, wanangu. Nusu ya watoto wa mtaa huu wamelala juu yake, na nyinyi pia.

Mnamkumbuka yule paka wetu, Mkaguzi, aliyekuwa akikagua kila mto kwa kuulalia. Alipenda sanduku la vipande vya sponji kuliko mapaja ya mtu. Alipozeeka akawa anakula kama mgeni wa harusini, na bado anakonda. Shangazi yenu huyu, daktari wa mifugo, akamshika shingo, akasikiliza moyo, akaniambia, "Kaka, tezi ya huyu imevimba, na mimi naishuku sponji yako. Dawa ile haitulii ndani, inatoka na vumbi. Paka anajilamba, vumbi analimeza. Na mtoto anayetambaa je, anayetia kila kitu mdomoni?"

Nikamjibu, "Wewe tibu ng'ombe. Mito niachie mimi."

Akasema, "Ng'ombe wananisikia kuliko wewe."

Nikamfukuza na mkasi mkononi, tukakaa miaka minne bila salamu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema la asiyesikia la mdogo, lakini mimi ninalijua.

Nilipoanguka mwezi uliopita alikuja bila kuitwa, nami nikamwomba aniambie upya, polepole. Akasema wataalamu wamewapima panya waliopata dawa za namna hiyo tangu tumboni mwa mama zao, wakakuta wengine wanahangaika na ni wazito wa kujifunza, kwa sababu dawa hizo huivuruga tezi ya shingoni, na tezi hiyo ndiyo inayosaidia ubongo mchanga kujengeka. Wamefuatilia na watoto wa watu: wale ambao mama zao walikuwa na dawa nyingi damuni, kwa wastani walichelewa kidogo darasani na kutulia kukawa kazi. Si kila mtoto, alisema, na paka mmoja si ushahidi. Kwa hiyo msiseme mbona sisi tumekua salama. Kifungua mimba, wewe hutafuta chaki nyumba nzima nayo iko sikioni mwako. Sijui nimlaumu nani.

Nipeni maji. Asante.

Basi shikeni haya. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nimewashonea watu nguo hiyo. Sponji ya stoo isiuzwe, wala isichomwe, maana moshi wake ni mbaya zaidi; itieni katika mifuko, mfunge, shangazi yenu anajua pa kuipeleka. Vigodoro vya shule vijazwe pamba, na vikae mbali na jiko. Piteni nyumba tulizoshonea watoto, mseme ukweli bila kunitetea. Sakafu ipigwe deki kwa maji, ufagio mkavu hurusha vumbi, na mikono ya mtoto ioshwe kabla ya kula. Kitinda mimba, kile kigodoro nilichokushonea kiondoke chumbani mwako leo. Dada yangu, nisamehe. Usijibu, utaiona toba yangu kwenye...

Ngojeni kidogo. Pumzi.

Chini ya kitanda hiki kuna godoro dogo. La pamba tupu. Nimelijaza mwenyewe mlipokuwa mnadhani nimelala. Mdomo wake bado wazi, upana wa kiganja, vidole vimekataa. Litoeni. Sindano iko hapo, kwenye mto wangu. Kila mmoja apige mshono wake. Dada, anza wewe. Najua utashona kama unavyomshona ng'ombe, na ndiyo maana litadumu.

Mungu awape usingizi mwororo, nyinyi na huyo ajaye. Akili yake iwe nyepesi... na mguu wake mwepesi. Vuta uzi, dada. Usikaze sana. Hapo. Mpe mwenzako.